Jogoo Anayerukia Watu: Namna ya Kumshika, Kumtuliza na Kujua Lini Umchinje

Malalamiko yanayoletwa na wafugaji ni yale yale. "Jogoo huyu nimemlea mwenyewe tangu kifaranga, nilikuwa nambeba kila siku. Sasa ananirukia. Nimempiga mpaka nimechoka, naye ndiyo kwanza anazidi." Ushauri anaopewa huwa ni mmoja kati ya miwili: mbembeleze zaidi, au mpige zaidi. Yote miwili ndiyo iliyomfikisha hapo.

Jogoo aliyebembelezwa ovyo utotoni hupoteza woga wa watu bila kupata adabu mahali pake. Akibalehe, anakuhesabu kuwa jogoo mwenzake. Yule anayepigwa hukuhesabu hivyo hivyo, kwa sababu mtu anayejibu kwa teke amekubali ugomvi. Tunachotafuta hapa ni jogoo anayekuona kama kitu kikubwa, kitulivu, kisichotaka matetea wake na kisichomkimbia. Kumshika ni sehemu ya kazi hiyo, lakini kuna namna yake na wakati wake.

Hatua hizi zinafaa kwa kienyeji, kwa chotara, na hata kwa kuchi (wale kuku warefu wapenda kupigana), ingawa kwa kuchi uwe na subira ya ziada. Anzia mwanzo hata kama una haraka. Wengi wanaoshindwa wameruka hatua ya kwanza na ya pili.

## Vitu vya kuandaa

- Gambuti au viatu vilivyofunika mguu, na suruali nzito. Kandambili ziache mlangoni.
- Shati la mikono mirefu. Glovu za ngozi kama jogoo ana kipi (ule mwiba wa mguuni) kirefu.
- Ungo mkuukuu au kifuniko cha ndoo. Hii ndiyo ngao yako.
- Khanga chakavu au taulo la kumfunikia.
- Tenga, au boksi gumu lenye matundu ya hewa.
- Tochi iliyofungwa kitambaa chekundu. Mwanga mwekundu hauwashtui kuku sana usiku.
- Mtama au chenga za mahindi kwenye mfuko wa nguo. Dagaa waliosagwa kidogo ni nyongeza nzuri.
- Tupa ndogo, sabuni, maji safi, na dawa ya jeraha.
- Makubaliano ya nyumba nzima. Kama wewe unafuata mwongozo na kijana wa nyumba anamrushia mawe, unapoteza muda.

Fimbo haimo kwenye orodha, na sijaisahau.

## Hatua ya 1: Mchunguze kabla hujamgusa

Kaa pembeni siku mbili tatu utazame. Unatafuta majibu ya maswali manne: anamrukia nani, wapi, saa ngapi, na kabla ya hapo anafanya nini.

Jogoo hashambulii bila kutoa taarifa. Taarifa ya kwanza ni mwendo wa upande: anashusha bawa moja karibu liguse chini, anakuzunguka kwa hatua fupi fupi. Ukiona hivyo jua anakupima. Ya pili ni kudonoa chini pasipo na chakula, huku jicho moja likiwa kwako. Ya tatu ni kukuelekea uso kwa uso, kichwa chini, manyoya ya shingo yamesimama. Hapo una sekunde moja au mbili kabla hajaruka na miguu mbele.

Wengi wanasema "alinirukia ghafla" kwa sababu walikuwa hawajui kusoma taarifa mbili za mwanzo.

Chunguza pia afya yake. Usiku tazama nyufa za banda kwa tochi. Utitiri hujificha humo mchana na kunyonya damu giza likiingia, na kuku asiyelala vizuri huamka na hasira. Tazama miguu: magamba yaliyonyanyuka na kukauka ni kazi ya wadudu wanaochimba chini yake, na yanauma. Mpake mafuta mazito ya kujipaka kila baada ya siku chache mpaka magamba yalale, kisha ndipo uhukumu tabia yake.

Umefanikiwa ukiweza kusema: "Huwa anamrukia mtu aliyevaa khanga inayopepea, karibu na viota, asubuhi." Ukiwa bado unasema "ni mkali tu," rudi ukatazame.

## Hatua ya 2: Punguza sababu za ugomvi

Jogoo mmoja kwa matetea wanane hadi kumi ni hesabu nzuri kwa kuku wa kienyeji. Majogoo wawili kwenye uwanja mdogo wenye matetea sita watapigana wao kwa wao, na anayeshindwa atatafuta wa kumalizia hasira. Mara nyingi anayempata ni mtoto anayekwenda kuokota mayai.

Kama jirani ana jogoo na uzio ni wa wavu, zibeni sehemu ya chini kwa mabati au makuti. Jogoo anayemwona mpinzani asiyeweza kumfikia hubaki na moto mwilini siku nzima. Anayepita karibu wakati huo ndiye anayeupokea.

Weka vyombo viwili vya maji na viwili vya chakula, mbali kwa mbali. Njia yako ya kwenda kwenye viota isipite kwenye kona inayomfungia jogoo, kwani kuku aliyebanwa asiyeona pa kupitia atapitia kwako.

## Hatua ya 3: Mkamate usiku

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kumkimbiza jogoo mchana uwanja mzima, watu watatu na mbwa mmoja, ni kumfundisha kwamba wewe ni mwewe mwenye miguu. Kila mbio zinafuta wiki nzima ya kumzoesha. Kwenye joto la mchana kuku mzito anaweza hata kufia mikononi, kwa kuwa kuku hatoki jasho na hana namna nyingine ya haraka ya kujipoza zaidi ya kuhema.

Kuku haoni vizuri gizani. Subiri saa moja au mbili baada ya jua kuzama, ametulia kwenye fito anayolalia. Ingia peke yako. Zungumza kwa sauti ya kawaida kabla hujamfikia, maana kuguswa ghafla ndiko kunakomshtua. Tochi elekeza chini.

Weka viganja vyote viwili juu ya mabawa kwa wakati mmoja, uyabane mwilini, kisha mnyanyue moja kwa moja juu. Bawa moja likiponyoka atapiga kelele, banda zima litaamka na utakuwa umemaliza kazi kwa usiku huo. Ikitokea, mwache, toka, rudi kesho yake.

Kama ni jogoo aliyekwisha kumjeruhi mtu, mfunike khanga kichwani na mgongoni kwanza, kisha mshike juu ya khanga. Giza la kitambaa linamtuliza.

Umefanikiwa kama amelia mara moja au mbili tu na wenzake wamebaki kwenye fito.

## Hatua ya 4: Namna ya kumshika

Soma yote kabla ya kujaribu.

Mkono wa kulia unabaki mgongoni ukibana mabawa. Mkono wa kushoto unapita chini ya kifua kutokea upande wa kichwa, kidole cha shahada kikae katikati ya miguu miwili, vidole vingine viizunguke juu kidogo ya kipi. Kifua chake kinalala kwenye kigasha chako. Kichwa kinaelekea nyuma, chini ya kwapa, na mkia uko mbele. Sasa bana mwili wake kwenye ubavu wako kwa kiwiko, na mkono wa kulia uko huru.

Usimkaze kifua. Kuku hapumui kama sisi. Hewa huingia pale mfupa wa kifua unaposhuka na kutoka unapopanda, na ukiubana usitembee amekosa pumzi hata kama pua zote mbili ziko wazi.

Kwa sababu hiyo hiyo, acha kumbeba kichwa chini. Najua ndivyo wanavyobebwa sokoni, kumi kwa mkono mmoja, lakini kuku hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Akining'inia, ini na utumbo hulalia mifuko yake ya hewa. Kunyamaza kwake hapo msikuite utulivu. Vile vile ukimlaza chali akakaa kimya, huo ni mwili ulioganda kwa woga, kama mnyama aliyekamatwa na kicheche. Jogoo anayefanyiwa hivyo mara kwa mara hafundishiki, anasubiri tu siku yake.

Utulivu wa kweli una dalili zake. Mwanzoni utausikia moyo ukipiga mbio chini ya vidole, na shingo ikiwa imenyooka juu. Baada ya dakika chache shingo inashuka na kuingia kwenye manyoya ya mabega, miguu inalegea kwenye vidole vyako, kope ya chini inaanza kupanda juu ya jicho. Hapo ndipo pa kumwachia. Ukimwachia akiwa bado anapigapiga, amejifunza kuwa kupigapiga ndiko kunakomfungua.

Kumwachia nako kuna utaratibu. Chuchumaa, miguu yake iguse ardhi, shikilia mabawa mpaka asimame sawasawa, kisha ondoa mikono taratibu na ubaki pale pale. Usimtupe.

Dakika tano hadi kumi zinatosha kwa mara ya kwanza. Mwachie mara moja kama anahema mdomo wazi au undu wake (ile nyama nyekundu ya kichwani) umeanza kuwa na rangi ya zambarau. Na wakati wote huo uso wako uwe mbali na mdomo wake, kwa kuwa kuku hudonoa kinachong'aa, na jicho linang'aa.

Rudia kila jioni kwa wiki mbili. Wiki ya pili fanya magharibi, kabla giza halijaingia, ili akuone ni wewe. Ndio wakati mzuri wa kumkagua macho, miguu, na chini ya mabawa. Siku ya chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) ikifika, tone la jicho unampa bila vita.

## Hatua ya 5: Mchana, tembea kama mwenye uwanja

Ya usiku peke yake haitoshi. Jogoo anaweza kuwa mpole kwapani mwako saa mbili usiku na kukurukia saa mbili asubuhi.

Ingia uwanjani na gambuti, ungo umeushika chini usawa wa magoti. Tembea kwa mwendo wako wa siku zote, ukifanya kazi: maji, chakula, mayai. Usimzunguke kwa mbali kumkwepa, na usimwendee kumtafuta. Pita pale ambapo ungepita kama hayupo. Akiwa njiani, endelea polepole. Mara nyingi atahama mwenyewe. Kila anapohama bila wewe kufanya lolote, mmemaliza jambo bila ugomvi.

Akishusha bawa, simama. Geuka ubavu kidogo, ungo ukiwa kati yenu. Usirudi nyuma hata hatua moja, kwani kurudi nyuma ndiko anakokutaka. Usipige teke pia. Kaa hivyo mpaka afanye jambo jingine: ajitikise manyoya, aanze kuchakura, aite matetea. Hapo endelea na kazi.

Akiruka, atagonga ungo. Mwache augonge. Ungo haulii, haukimbii, haurudishi kipigo, na wengi huchoka baada ya mara mbili tatu. Kama umekwisha kuwa hodari wa Hatua ya 4 na kipi chake si kirefu, unaweza kumnyanyua pale pale, ukatembea naye kwapani ukimalizia kazi, ukamwachia akilegea. Kama bado mikono inakutetemeka, baki na ungo.

Wapo wanaoshauri umkandamize kichwa chini mbele ya matetea ili aaibike. Kuku haaibiki. Utakachopata ni jogoo aliyeumia shingo.

Chakula sasa. Mwage mtama chini kabla hajaanza kukupima, ukiwa unapita, bila kusimama. Atawaita matetea kwa ile sauti ya haraka haraka, ataokota punje na kuiachia ili wao wale. Jogoo anayefanya kazi hiyo hana muda na wewe. Kosa kubwa ni kumtupia chakula akishakurukia ili kumtuliza: umemlipa kwa kukurukia, na kesho atakuja kudai mshahara.

Kwa jogoo mkali usimlishe mkononi. Mkononi ni kwa pora (jogoo kijana) mwoga, anayekimbia kila akikuona. Huyo mpe dagaa kidogo kwenye kiganja, ukiwa umechuchumaa, umetazama pembeni.

Jambo moja dogo linalowachanganya watu: kuku wanaona rangi vizuri kuliko sisi, na jogoo anakutambua kwa jumla ya unavyoonekana. Ukibadili ghafla mwavuli, koti la mvua, au ndoo nyekundu, anaweza kuanza upya kana kwamba hajawahi kukuona. Kwa wiki za mwanzo vaa nguo zile zile za kazi. Baadaye badilisha kimoja kimoja.

Umefanikiwa kama, baada ya wiki tatu au nne, unapita mita mbili kutoka kwake naye anaendelea kuchakura. Asikufuate, asikukimbie. Jogoo anayekuja kukudonoa viatu kwa urafiki bado hajafika. Mnyanyue, mtulize, mwachie.

## Hatua ya 6: Punguza makali ya kipi

Ndani ya kipi kuna mfupa wenye damu, nje ganda gumu kama kucha. Piga tupa ncha tu mpaka iwe butu, mtu mwingine akiwa amemshika. Usikikate kwa koleo, usikizungushe kuking'oa. Kama kimepinda kikaelekea mguuni mwake mwenyewe, mwite bwana mifugo.

## Hatua ya 7: Watoto na wageni

Mtoto wa miaka miwili au mitatu akichuchumaa, jicho lake liko usawa wa mdomo na kipi cha jogoo. Ndiyo maana hapa sina mjadala: mpaka jogoo amepita mwezi mzima bila kumpima mtu, mtoto mdogo haingii uwanjani peke yake, hata kama "humu ndani kamzoea".

Wafundishe wakubwa kidogo mambo matatu tu: usikimbie, usirushe kitu, ita mtu mzima. Kutokukimbia ndilo gumu kuliko yote. Lifanyie mazoezi bila jogoo, wewe ukiigiza jogoo. Watacheka, lakini watakumbuka.

Mtu akijeruhiwa na kipi, kidonda huwa kidogo kwa nje na kirefu kwa ndani. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kadhaa, paka dawa, kisha nenda zahanati ukaulizie chanjo ya pepopunda, maana mguu wa jogoo umeshinda kwenye udongo na kinyesi. Jeraha la jicho au karibu na kiungo, nenda siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakimo katika hofu hizi, kuku hakiambukizi.

## Hatua ya 8: Uamuzi

Wengine hawatulii. Dalili ni hizi: ametimiza wiki sita za kazi ya kila siku na bado anakuja kutoka upande wa pili wa uwanja kukutafuta, anashambulia mtu aliyempa mgongo, au amekwisha kumjeruhi mtu usoni. Mchinje. Mimi huyu simpi nafasi ya pili nyumba yenye watoto, hata awe na umbo la kushinda maonyesho.

Usimuuze kama jogoo wa mbegu kwa jirani bila kumwambia. Na mayai yaliyorutubishwa naye usiyaatamishe: ukali hurithiwa kwenye damu, na utajikuta baada ya miezi sita una wanne wa aina yake.

Ukimwondoa, kumbuka tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi. Mayai ya kuatamisha anza kuyakusanya wiki tatu baada ya yule mkali kuondoka, ili uwe na hakika ni ya baba mpya.

## Ukianza na vifaranga

Hii ni rahisi kuliko yote yaliyotangulia, na wachache wanaifanya.

Washike mapema, tangu wiki ya kwanza, dakika moja moja, viganja viwili, karibu na ardhi, kisha warudishe kwa mama yao. Unawaondolea hofu ya mkono, basi. Usimlee kifaranga dume peke yake ndani ya nyumba, akilala kwenye boksi miguuni pako na kula sahani moja na wewe. Huyo atakua akiamini ninyi ndio kuku. Osheni mikono baada ya kuwashika, na watoto wasiwabusu. Kinyesi cha kuku kina vimelea vya kuharisha.

Pora wakianza kuwika, kati ya miezi minne na sita kwa kienyeji wengi, punguza kuwabeba bila sababu. Waache na matetea wakubwa na jogoo mzee mpole ikiwa unaye. Pora anayemrukia tetea mzima bila heshima hudonolewa akatulia, na somo hilo wewe huwezi kumpa.

Kisha chagua. Kati ya pora sita, wawili watakuwa wanakupisha njia bila kukimbia, na wanaita wenzao wakiona chakula. Bakiza hao. Wanne wauze wa nyama kabla kipi hakijarefuka. Jogoo mpya kutoka nje mtenge wiki mbili, chakula na maji mbali na wenzake, ukimtazama kama anakohoa au kuharisha, na kazi ya jioni ya kumshika ianze humo humo kwenye karantini.